Mkwe Wetu Daktari

Mwaka huu mahema ya kupima matiti yalisimamishwa tena kwenye uwanja wa mpira hapa Karatu, na kama ilivyo kawaida yetu, foleni ya fulana za waridi ilikuwa ndefu kuliko foleni ya kupimwa. Sisemi hivyo kwa dharau, maana na mimi nilichukua fulana. Kuitwa bibi hakumzuii mtu kupenda cha bure. Nilikuwa nimeshapimwa, nafunga vifungo vya gauni nyuma ya pazia, nikasikia sauti ikiita, "Rukia wa duka!" Hilo ni jina ambalo hapa mjini hakuna anayelijua. Nilipochungulia nikamwona Nashipai. Mara ya mwisho nilimwacha ni mzazi mwenye mtoto mchanga mgongoni, na sasa ni bibi mwenye pengo la meno, amewateremsha wakamwana zake kutoka Nainokanoka huko milimani, amewapanga kwenye benchi na kuwakalia macho ili asitoroke hata mmoja. Tulishikana mikono tukacheka, kisha tukaacha kucheka. Walipomaliza kupimwa, tuliwaacha wakinunua vitunguu sokoni, sisi tukaingia kwenye kihoteli cha chai. Hapo ndipo aliponiambia kwamba mumewe, Daktari Saning'o, alifariki masika iliyopita.

"Nimeishi naye miaka yote hiyo," alisema, "na hakuwahi kunisimulia siku aliyoingia kwa mama. Nikimuuliza anatoka nje kuangalia ng'ombe. Mimi siku ile nilikuwa ndani na mtoto mchanga, sikuruhusiwa kutoka. Wewe ulikuwepo, Rukia. Nisimulie." Nilimsimulia mpaka chai ikapoa, na niliporudi nyumbani nikaona afadhali niandike kabisa, maana na mimi siishi milele.

Nilikuwa na umri wa kama miaka ishirini. Kwa nini baba mdogo aliamua kumpeleka msichana wa mjini kuuza duka huko juu ni habari za ukoo, na za ukoo nawaachia wenye ukoo. Kijiji chenyewe kilikuwa mbele ya Nainokanoka, sitakitaja, na duka lilikuwa la mbao na bati, chumba kimoja cha bidhaa na kingine nyuma yake cha kulala. Sukari, majani ya chai, ugoro, sabuni za mche, shuka, betri, dawa za ng'ombe. Asubuhi ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba nikifungua dirisha la duka nilikuwa namsikia mteja kabla sijamwona. Nililia wiki za mwanzo, nalia kwa baridi tu, si kwa jambo lingine lolote. Nguo zilikuwa hazikauki, mafuta ya kupikia yalikuwa yameganda, na nikipika ugali unapoa kabla sijanawa mikono. Nje ya ukuta wa chumba changu palikuwa na gogo ambalo wazee walizoea kukalia wakiota jua la saa nne, na kwa kuwa mbao zilikuwa na nyufa za kupitisha kidole, hakuna lililosemwa kijijini ambalo halikunifikia kitandani. Kimaasai changu kilianza kwa kununua na kuuza, kikakua kwa kusikiliza umbea wa wanaume. Wanaosema umbea ni wa wanawake hawajawahi kulala nyuma ya gogo lile.

Yeyo Naserian, mama yake Nashipai, ndiye aliyenikomboa na ile baridi. Alikuwa akiniletea maziwa kila asubuhi kwenye kibuyu kilichonukia moshi, naye akichukua sukari na majani. Yeyo ni mama kwa lugha yao, na mimi nilimwita hivyo tangu siku ya kwanza kwa sababu hakunipa nafasi ya kumwita vingine. Alikuwa mrefu, mkubwa wa sauti, na ulimi wake haukuwa na breki. Alikuwa akiketi juu ya gunia la sukari, akishika kikombe cha chai kwa mikono yote miwili, na kunikagua kama mnunuzi mnadani.

"Wewe miguu yako iko nyembamba sana. Nani ataoa hii?"

"Sitaki kuolewa, Yeyo."

"Hapana sema hivyo. Kunywa maziwa. Mwanaume anapenda mtu iko na nyama."

Nilikunywa. Kufikia vuli nilikuwa nimenenepa na yeye akajisifu kijiji kizima kwamba amemnenepesha Mswahili. Wanaume wakawa wanakuja dukani kununua kiberiti kimoja ili waone hiyo kazi yake.

Mwaka uleule kijiji kilipata tabibu wake. Kabla ya hapo zahanati ilikuwa na muuguzi mmoja mwanamke kutoka Mbulu, mpole, aliyehamishwa bila mtu kuletwa mahali pake. Halafu akaja Saning'o, mtoto wa palepale, aliyechungia ndama kwenye mteremko uleule, akasoma, akarudi na koti jeupe. Wazee walikuwa wameomba kwa miaka wapewe mtu wao, mtu wa kuwasikiliza kwa lugha yao, asiyekunja pua kwa harufu ya samadi. Walichinja ng'ombe. Mimi niliuza sukari yote iliyokuwepo. Na kwa kuwa Saning'o alikuwa amemuoa Nashipai miaka miwili kabla, Yeyo Naserian alitembea siku ile amevaa shanga zake zote, akipokea pongezi kama yeye ndiye aliyefaulu mtihani. "Mkwe wetu daktari," kila mtu alimwambia, naye anajibu, "Ee, mkwe wetu daktari." Hakuna aliyewaza zaidi ya hapo. Furaha haina kawaida ya kuuliza maswali.

Kwa asiyejua, niseme hivi. Mama mkwe na mkwe wa kiume, kwa watu wale, wanaheshimiana kwa umbali. Wakikutana njiani mmoja anapisha. Mkwe haingii nyumba anamolala mama mkwe, hawagusani mikono, na wakisalimiana kila mmoja anatazama pembeni. Heshima hiyo wanaiita enkanyit, na si mchezo. Mtu anaweza kukosa mali akabaki mtu, lakini akikosa hiyo amekwisha. Na si mkwe mwenyewe tu, hata wale wa rika lake, waliotahiriwa pamoja naye, ni wakwe kwa mama yule. Sasa hesabu mwenyewe ni wanawake wangapi wa kijiji kile walikuwa na binti aliyeolewa na mtu wa rika la Saning'o. Walikuwa wamepata daktari ambaye nusu ya mama zao hawawezi kumwonyesha hata goti.

Mvua za vuli zilimkuta Yeyo njiani asubuhi moja akafika dukani ameloa mpaka mifupani. Nilimvuta chumbani, nikawasha jiko, nikampa kanga zangu abadilishe. Niliona hawezi kuinua mkono wa kushoto kuvua shuka, nikamsaidia. Ndipo nikaona titi la kushoto. Ngozi yake ilikuwa imejikunja na kuwa na vishimo, chuchu imevutwa ndani, na chini yake kulikuwa na kitu kigumu cha ukubwa wa kiazi. Sikuwa nimesoma lolote juu ya ugonjwa huo. Hata neno saratani nilikuwa nimelisikia redioni tu, nikadhani ni la watu wa mjini wanaovuta sigara.

"Yeyo, hiki nini?"

"Maziwa ya zamani. Iliganda." Akajifunika. "Iko hapana uma."

Hilo la kutouma ndilo lililowadanganya wengi, mpaka leo linawadanganya. Watu wale walizoea ugonjwa unaojitangaza: homa, kuhara, mfupa uliovunjika. Titi la mzazi likivimba likauma, walilikanda kwa kitambaa cha moto, likapona. Kitu kisichouma kilionekana mgeni mstaarabu, kinaachwa kikae.

Nilimwambia aende zahanati. Akanitazama kama nimemtukana. "Mimi nenda kwa mkwe, fungua hii?" Nikasema basi twende Karatu, hospitali, huko kuna madaktari asiowajua. Akajibu taratibu, kwa Kimaasai ili asikosee. Akasema mume wake, Mzee Lemburis, atamuuliza anakwenda Karatu kufanya nini wakati daktari yupo hapa. Akimtajia ugonjwa, mzee atamtajia mkwe. Asipoutaja, watu watasema mama mkwe mwenyewe hamwamini daktari, anampaka matope mume wa binti yake. "Nashipai ana mimba," alisema. "Nisimharibie nyumba." Nilikasirika. Nilimwambia nyumba ya Nashipai haitajengwa kwa maiti ya mama yake. Hakukasirika yeye, aliniomba sukari, akaenda zake na mvua.

Baadaye niligundua kwamba alikuwa ameshakwenda zahanati, na si mara moja. Alikuwa anakwenda na kusema kichwa kinamuuma. Nilimuuliza kwa nini ajisumbue kutembea mwendo wote ule kwa uongo. Akasema alitumaini siku moja atamkuta yule mwanamke wa Mbulu amerudi, au mwingine kama yeye. Kila akifika anamkuta Saning'o peke yake, anakaa mlangoni, anatazama nje, anasema kichwa, anapewa vidonge. Alikuwa ameviweka vyote kwenye kikopo cha ugoro, hajameza hata kimoja, kwa sababu kichwa chake kilikuwa kizima kabisa.

Saning'o alipokuja dukani kununua sabuni nilimweleza yote. Sikuzunguka. Alisimama ameshika mche wa sabuni, akaugeuza, akauweka chini.

"Dada Rukia," alisema, "kwa nini umenitajia titi la mama yake Nashipai?"

"Kwa sababu wewe ni daktari."

"Ni daktari mchana. Jioni narudi nyumbani kwa binti yake." Alikuwa kijana mnyamavu, lakini siku ile aliendelea. "Nikimwambia avue, atakwenda zake na hatarudi tena hata kwa malaria. Na wanawake wengine wote watasikia."

Hata hivyo hakukaa bure, na hili nilimsisitizia Nashipai, maana alikuwa amebeba shaka miaka yote. Saning'o aliomba aletewe muuguzi mwanamke, akaambiwa asubiri. Akangoja miezi. Ndipo akapanga na dereva wa gari la chanjo lililokuwa likishuka Karatu, akaniambia nimchukue Yeyo kwa kisingizio cha kuuza shanga kwenye duka la watalii. Mzee Lemburis hakukataa. Yeyo mwenyewe, nadhani, alikubali kwa sababu kufikia wakati ule kile kitu kilikuwa kimeanza kuuma.

Hospitalini tulimpata daktari mama mtu mzima mwenye miwani. Yeyo alivua bila neno. Kilichokuwa kigumu kwake huko kijijini, hapa hakikumchukua muda wa kuvua kiatu. Mgeni ni mgeni, macho yake hayana uzito. Daktari alipapasa titi, kwapa, shingo, akasikiliza kifua, akaniita pembeni akidhani mimi ni binti yake. Alisema saratani imeingia kwenye tezi za kwapa na sauti ya mapafu haimpendezi. Alisema angekuja mapema, wangeweza kukata na kutibu. Sasa atampa barua ya hospitali kubwa, lakini nisitegemee. Nilimuuliza mapema ni lini. Kabla hajajibu alinishika mkono, akauweka juu ya titi langu mwenyewe, juu ya nguo, akanionyesha jinsi ya kuzungusha vidole, polepole, kila mwezi, mpaka kwapani. "Mapema ni hivi," alisema. Sijawahi kuacha kufanya hivyo tangu siku ile, na kila nikifanya moyo unanidunda kama mwizi.

Yeyo hakukubali kwenda hospitali kubwa. Alisema anataka kufa anaposikia ng'ombe. Tuliuza shanga zile kweli, tukala wali na maharage kwenye hoteli ya stendi, naye akasema wali wa Karatu hauna ladha, akamaliza sahani, akamaliza na yangu.

Kiangazi titi lilipasuka likawa kidonda. Sitaki kueleza harufu, ila nitasema iliwaondoa watu mmoja mmoja bila mtu kufukuzwa. Watoto waliacha kuingia kwake. Ng'ombe wake wa kukamua walipelekwa kwa mke mwenzake, kwa kuwa mkono wa kushoto ulivimba hadi vidole, na huo ndio msiba wa kwanza, nilimwona akiulilia kuliko kidonda. Kibuyu changu cha asubuhi sasa kililetwa na mke mwenza, ambaye hakukaa wala hakunitania. Nashipai alijifungua, akawekwa ndani na mtoto kama desturi inavyotaka, akawa anatuma watu kuuliza, na watu wanarudi kumwambia mama hajambo. Mzee Lemburis aliketi nje ya mlango wa mkewe kutwa nzima, mgongo kwa nyumba, fimbo magotini. Watu walimcheka kwamba amekuwa mlinzi. Hakujua namna nyingine ya kumuuguza.

Kazi ya kuosha kidonda ilikuwa yangu, kila nikifunga duka mchana. Saning'o alinipa dawa na vitambaa, akanifundisha kwa kuchora kwenye kipande cha boksi, asitamke neno lenyewe. Nilikuwa nikiingia kwenye ule mlango mfupi nimeinama, macho yananitoka machozi kwa moshi, na nilishukuru kwamba machozi ya moshi na mengine hayatofautiani. Siku moja damu ilitoka ikakataa kukatika. Nilibana kwa kitambaa, nikabana kwa kanga yangu, nikapiga kelele. Mzee Lemburis aliingia, akaona, akatoka mbio. Mzee yule hakuwahi kukimbia tangu nimfahamu.

Ilipungua yenyewe baadaye. Nilirudi chumbani kubadili nguo, na hapo nikasikia gogo limejaa. Mzee Lemburis alikuwa anazungumza, na alikuwa anasema maneno ambayo mwanamume hasemi hadharani: titi, mke wangu, damu. Mmoja akauliza kwa nini daktari hajaitwa. Mwingine akamkumbusha kwamba ni mkwe. Hapo wakaanza kubishana kama kuna desturi ya kuuondoa mwiko huo, na ikaonekana haipo, hakuna anayeikumbuka. Nikakaa kitandani na kanga yenye damu nikisubiri waseme basi. Kisha aliyekuwa mkubwa wao, mzee kipofu ambaye kazi yake kubwa dukani kwangu ilikuwa kukopa ugoro na kusahau, akasema, "Desturi haipo kwa sababu hakuna aliyewahi kutuuliza. Kondoo yupo?"

Kondoo alikuwepo. Walimchinja mbele ya nyumba ya Yeyo, wakamwita Saning'o, wakampaka mafuta ya kondoo kichwani, mzee kipofu akatamka kwamba kuanzia leo huyu si mkwe wa nyumba hii, ni mtoto wa nyumba hii, Naserian amemzaa, na atakayebisha na abishe sasa. Hakuna aliyebisha. Haikuchukua hata muda wa chai kuchemka. Wazee wakaanza kugawana nyama.

Saning'o aliingia ameinama, mimi nyuma yake na beseni la maji ya moto. Yeyo alikuwa amelala ubavu juu ya ngozi, amejifunika uso. Saning'o alipiga goti, akainamisha kichwa karibu naye kama watoto wao wanavyofanya mbele ya mama. Yeyo akatoa mkono wake mzima chini ya shuka, akauweka juu ya kichwa kile chenye mafuta, akafunua uso, kisha akafunua kidonda yeye mwenyewe.

Saning'o alikiosha vizuri kuliko nilivyowahi kukiosha mimi. Mikono yake ilikuwa imetulia, anauliza maswali kwa sauti ya kazi: inauma wapi, unalala upande gani, kifua kinabana? Yeyo alimjibu yote, akimtazama machoni, anamwita mwanangu. Nikamwona kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Kisha Saning'o akauliza kilianza lini.

"Ile siku ya kwanza niliyokuja kwako," Yeyo alisema, "nikakuambia ni kichwa. Kilikuwa kidogo, mwanangu. Kama punje ya mahindi."

Saning'o aliniomba maji mengine. Nilipomwambia hayo yaliyo kwenye beseni bado ni safi, akasema niende tu, nilete mengine.